Je, Biblia Yetu Imebadilishwa?

Katika mazungumzo haya tunajibu maswali ambayo Wakristo huulizwa na wenzao, au hujiuliza wenyewe usiku usingizi unapokataa kuja. Swali la leo tuliletewa na mama mmoja mjane wa parishi yetu.

Mama huyu alikuja nyumbani jioni, amebeba vitabu viwili vilivyofungwa katika leso. Kimoja kilikuwa Biblia ya zamani sana aliyoachiwa na mama yake, ya Kiswahili cha Mombasa. Cha pili kilikuwa Biblia yake mwenyewe, ile tuliyozoea kuisoma kanisani. Mwanawe afanyaye kazi mjini alikuwa amekuja likizo, akavifungua vitabu hivyo viwili pamoja na kumwonyesha kwamba maneno hayafanani. Kisha akamwambia aliyoyasikia kwa wenzake kazini: "Mama, kitabu hiki kimebadilishwa mara nyingi. Hakuna ajuaye kilisema nini hapo kwanza."

Mama hakulia. Alituambia hivi: "Kasisi, siku tulipomzika baba watoto ulitusomea Isaya 43, kwamba Mungu yuko pamoja nasi tunapopita katika maji mengi. Nimeyashika maneno hayo miaka yote hii. Sasa niambie kweli. Je, Mungu aliyasema, au watu waliyatia baadaye?"

Ndugu wasikilizaji, twakiri mbele yenu kwamba zamani maswali kama hayo tuliyajibu kwa neno moja: "Amini tu, mama." Jibu hilo ni rahisi kwa mchungaji, lakini humwacha kondoo na njaa. Jioni ile tuliketi na mama, tukavifungua vitabu vyote viwili, tukaanza pole pole.

Kwanza, kwa nini maneno ya Biblia hizo mbili hayafanani? Jibu lake liko hapa hapa kwetu. Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amemzika mkewe, Rosina, pamoja na mtoto wao mchanga. Naye hakuacha kazi. Mwaka huo huo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia katika lugha alikuwa kadhi wa Mombasa, Mwislamu. Jambo hilo yafaa tulikumbuke kila tunapojibizana na jirani zetu Waislamu kuhusu Maandiko.

Baada yake wengine waliendelea. Kule Unguja, Askofu Edward Steere alifanya kazi ya kutafsiri kwa Kiswahili cha watu wa huko. Alifariki mwaka 1882, na Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka mwaka 1891. Huku Mombasa, wamisionari wa kanisa letu walitumia Kiswahili cha Mvita. Agano Jipya lao lilitoka mwaka 1909, na Biblia nzima mwaka 1914. Hiyo ndiyo Biblia ya mama yake yule mjane.

Sasa angalieni. Mtu wa Mvita husema "ndia", na mtu wa Unguja husema "njia". Wa Mvita husema "nti", na wa Unguja "nchi". Wa kwanza anapoteka, wa pili anacheka. Je, hao wawili wamesema mambo mawili? La, ni jambo moja kwa vinywa viwili. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu kwa vitabu na shule. Ndipo makanisa yakashirikiana kutoa tafsiri moja ya wote: Agano Jipya mwaka 1950, na Biblia nzima mwaka 1952. Hicho ndicho kitabu cha pili kilichokuwa ndani ya leso.

Kwa hiyo kijana alikuwa ameona sawa kwamba maneno yamebadilika. Lakini lililobadilika ni Kiswahili chetu. Watafsiri hawakuandika Isaya mpya. Maneno yale yale yaliyotoka katika Kiebrania waliyatafutia namna ya kuyasema ili watu wasikie.

Mama alitikisa kichwa, akasema: "Vema. Lakini hicho Kiebrania chenyewe je? Nani ajuaye kama hakikubadilishwa?" Hapo, wapenzi wasikilizaji, ndipo swali lenyewe lilipo.

Isaya alihubiri Yerusalemu zaidi ya miaka 700 kabla ya Bwana Yesu kuzaliwa. Maandishi ya mkono wake hayapo. Kitabu kilinakiliwa kwa mkono, kikichakaa kikanakiliwa tena. Waliotafsiri Biblia ya mwaka 1914 walitegemea Kiebrania kilichohifadhiwa na waandishi wa Kiyahudi, na nakala kamili za zamani zilizojulikana za Kiebrania hicho zilikuwa za karne ya 10 na ya 11 baada ya Kristo. Basi mtu aliweza kuuliza kwa haki: katika mamia yote ya miaka yaliyopita katikati, ni nani aliyelinda?

Mwaka 1947 habari mpya ilikuja. Wachungaji wa mifugo, Wabedui, waliingia katika pango karibu na Kumrani, kando ya Bahari ya Chumvi, wakakuta mitungi na magombo ya ngozi. Moja lilikuwa gombo la Isaya, lenye urefu wa zaidi ya mita 7, na sura zote 66 zimo. Wataalamu walipolichunguza waliona kwamba liliandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya kuzaliwa Bwana Yesu. Ni kusema, lilikuwa na umri wa miaka 1,000 hivi kuliko zile nakala kamili zilizokuwa zikitegemewa.

Je, lilisema nini? Hatutaki kuwadanganya. Tofauti zimo. Nyingi ni za tahajia, na mahali pengine ni neno hili badala ya lile. Katika vitabu vingine vilivyopatikana huko, kama vile Yeremia, baadhi ya nakala zina tofauti kubwa zaidi. Lakini Isaya aliyetoka pangoni ni Isaya yule yule tunayemjua.

Tena kuna jambo moja katika gombo hilo linalotufundisha sana. Katika sura ya 40, mstari wa 7 na wa 8, nabii anataja mara mbili kwamba majani hunyauka na ua huanguka, kisha anasema kwamba Neno la Mungu husimama milele. Mwandishi alipofika hapo, jicho lake liliruka kutoka mara ya kwanza hadi mara ya pili, akaacha maneno ya katikati. Baadaye mkono mwingine uliyaandika maneno yaliyoachwa, katika nafasi kati ya mistari na pembeni. Kosa lenyewe linaonekana hata leo, na masahihisho yake pia. Mungu hakuwageuza waandishi kuwa malaika. Walichoka kama sisi, na macho yao yaliruka kama yetu. Hata hivyo nakala moja husahihisha nyingine, na kosa la mmoja hufichuliwa na wengi.

Ndivyo ilivyo na Agano Jipya pia. Nakala za mkono za Kiyunani zapita 5,000, nyingine nzima, nyingine vipande tu. Kwa kuzilinganisha, wataalamu wanajua kwamba Marko 16:9-20, na habari ya mwanamke aliyefumaniwa katika Yohana 8, hazimo katika nakala kadhaa za zamani kabisa. Biblia nyingi za siku hizi huweka alama mahali hapo. Kanisa halikuficha jambo hilo. Anayetaka kudanganya watu haweki alama penye shaka.

Basi tulimrudisha mama kwenye Isaya 43. Tukamwambia: "Biblia ya mama yako ilitoka mwaka 1914. Gombo lilitoka pangoni mwaka 1947, miaka 33 baadaye. Waliomtafsiria mama yako hawakupata kuliona kamwe. Na gombo lilipofunguliwa, ahadi ile ya maji na mito ilikuwamo, tena katika sura ile ile. Maneno tuliyoyasoma kaburini hayakutiwa na wamisionari, wala na askofu, wala na mfalme yeyote aliyeishi baada ya Kristo. Yalikuwako kabla yao wote."

Je, hayo yanathibitisha kwamba ni Mungu aliyesema? Hapana, na tulimwambia hivyo pia. Ngozi na wino vyaweza kuonyesha kwamba maneno yamefika kwetu salama. Kwamba Mungu ni mwaminifu katika maneno hayo, hilo hujulikana kwa kuyaendea. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Hilo la pili nalijua. Nimeyapita maji hayo." Akavifunga vitabu vyake katika leso, akatuomba jambo moja: mwanawe akija tena, tumweleze kama tulivyomweleza yeye, bila kumkemea.

Wazazi, na ninyi wazee wa kanisa, tusiwakemee vijana wanaouliza. Kijana yule hakuwa adui wa Biblia. Alivifungua vitabu viwili akavilinganisha, na hiyo ndiyo kazi waliyoifanya waaminifu wa Mungu tangu zamani. Alikosa mtu wa kuketi naye tu. Kama hatujui jibu, tuseme hatujui, kisha twende tukalitafute pamoja naye.

Na tuombe. Ee Mungu Baba, twakushukuru kwa waandishi wasiojulikana majina, kwa watafsiri waliozika wapendwa wao katika nchi yetu, na kwa wote waliotuletea Neno lako kwa lugha tunayoisikia. Uwatie moyo wenye mashaka, utupe sisi uvumilivu wa kuwasikiliza, na utushike mkono tupitapo katika maji. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.