Kinanda Kisicho na Jina la Mpigaji

Ninayo kaseti ya dakika 60 niliyoinunua sokoni Buyenzi, mjini Bujumbura, miaka mingi iliyopita, ikiwa imefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli pamoja na nyingine nne, na juu ya karatasi yake mtu ameandika kwa wino wa buluu maneno matatu tu: Kinanda, Rumonge, Harusi. Tarehe haimo, wala jina la mpigaji. Walakini kila niisikilizapo, husikia kinanda cha umeme kikianza taratibu kwa mkono wa kushoto, kikitafuta njia kama mvuvi arejeaye na ndagala wake usiku wa giza, hata kikishaipata lahani yake, vigelegele vya wanawake hupanda na kukifunika kabisa. Mpigaji huyo ndiye aliyenitia hamu ya kuitafuta tarikhi ya ala yake.

Wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja walipotamka neno kinanda, walikusudia ala ya nyuzi, ndugu wa udi na gambusi, iliyopakatwa kifuani na kuchapwa kwa unyoya. Ilipokuja mashine ya santuri, nayo ikaitwa kinanda. Vilipokuja vyombo vya makanisani vyenye vibonye na mifuo ya upepo, navyo vikapewa jina hilo hilo, kwa kuwa lugha yetu ina ukarimu wa kumpa mgeni nguo za mwenyeji.

Kiswahili chenyewe kiliufikia ufuko wa Ziwa Tanganyika kwa misafara ya Tabora na Ujiji, misafara ya pembe na, kwa msiba mkubwa, ya watu waliouzwa. Na kutoka Ujiji, Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuitia Burundi mkononi mwake, asiweze mbele ya mfalme wake, Mwami Mwezi Gisabo. Rumonge, bandari ya mawese na samaki iliyoko kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura, ilikuwa pia mahali ambapo Mapadre Weupe walifungua misheni ya kwanza katika nchi hii mwaka 1879, na ambapo tarehe 4 Mei 1881 watu watatu wa misheni hiyo waliuawa, nayo ikafungwa. Hivyo, ndani ya umri wa mtu mmoja, mji mdogo wa ziwani ulipata kusikia habari za msikiti na za kanisa, na kinanda, kwa sababu zake chenyewe, kina jamaa katika nyumba zote mbili.

Jamaa zake wa upande wa taarabu walipitia Bara Hindi. Kinanda cha mkono, kipumuacho kwa mfuo usukumwao kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukichezea vibonye, kilistawi huko katika karne ya 19, kikaja pwani, na huko Mombasa kikawa rafiki wa mwimbaji Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014 baada ya kuwaliza watu wengi kwa mahadhi yaliyonukia filamu za Kihindi. Bombay ndiko pia alikokwenda Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, mwaka 1928 kurekodi santuri zake, pamoja na wapigaji wake, na jina lake likachapwa juu ya kila sahani. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, nami nitalirudia.

Upande wa pili ni wa kanisa, na wa Marekani. Mwaka 1926, katika mji wa Camden, kampuni ya Victor ilikuwa imenunua kanisa la Wabatisti na kuligeuza chumba cha kurekodia, na humo mpigaji Fats Waller akaketi mbele ya kinanda kikubwa cha mabomba, akakipigisha jazi. Kisha mwaka 1935 Laurens Hammond wa Chicago akatoa kinanda kisicho na mabomba: ndani yake huzunguka magurudumu madogo 91 ya chuma mbele ya sumaku, kila gurudumu na sauti yake, na mpigaji huchanganya sauti hizo kwa kuvuta vijiti, mfano wa mpishi apimaye bizari kwa vidole. Kiliuzwa kwa makanisa yasiyomudu mabomba, lakini kwa kuwa mikono hucheza juu na miguu hubeba besi chini, watu wa jazi wakaona kwamba mtu mmoja ameketi hapo na nusu ya bendi. Mmoja wao, Jimmy Smith, aliyetoa albamu yake ya kwanza kwa kampuni ya Blue Note mwaka 1956, alirekodi miaka miwili baadaye wimbo uendeleao dakika 20, akauita "The Sermon", yaani waadhi. Na kwa hakika mwenye kuusikiliza hadi mwisho hatoki alivyoingia.

Kinanda hicho huwa na uzito wa karibu kilo 200, na ndiyo sababu Afrika ya Kati ilikipokea zaidi kwa masikio kuliko kwa macho. Manu Dibango, mwana wa Douala ambaye mama yake aliongoza kwaya kanisani, alikutana na mwimbaji wa Kongo Joseph Kabasele huko Brussels mwaka 1960, akarekodi na bendi yake, African Jazz, akaenda nao Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka uliofuata. Aliporudi Ufaransa, kabla ya wimbo wake "Soul Makossa" wa 1972 kumtia katika kila kinywa, alikuwa akiupata mkate wake kwa kupiga Hammond nyuma ya mwimbaji Nino Ferrer. Sahani za Kongo zilivuka hadi kwetu kwa mashua na kwa redio, na neno jazi likakaa ziwani kwa maana ya bendi ya dansi, hata Kigoma wakawa na Lake Tanganyika Jazz yao.

Na sasa ninarudi kwenye majina. Mwaka 1967 ngoma za Burundi zilirekodiwa kwa ajili ya Ocora, lebo ya santuri ya redio ya Ufaransa. Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell akaichukua sauti ile, akaweka juu yake kinanda cha Moog, akaiita "The Jungle Line". Ni kazi nzuri, siidharau. Lakini katika maelezo ya sahani yake ziliandikwa ngoma za Burundi, bila jina la mtu hata mmoja, ilhali mikono iliyopiga ilikuwa na wenyewe, waliozaliwa, wakapewa majina na mama zao. Siti alipewa jina lake. Wao hawakupewa, na dhuluma hiyo hainitoki moyoni.

Leo kinanda cha Rumonge ni chepesi, hubebwa begani juu ya pikipiki hadi harusini, na ngoma, fidla na filimbi zote zimo tumboni mwake. Kijana hurekodi albamu nzima katika chumba kimoja chenye magodoro ukutani, akingoja umeme urudi, na nyimbo huenda katika simu za watu kabla hajaziandikia jina. Ninamsihi kila mmoja wao aandike: nani alipiga, wapi, mwaka gani, na nani alishika besi.

Kaseti yangu, karibu na mwisho wa upande wa kwanza, lahani inapungua, vigelegele vinakoma, na mtu anasikika akikohoa karibu kabisa na maikrofoni. Kisha sauti ya mwanamke, kwa mbali, yaita: "Maalim! Maalim, hiyo ya kwanza tena!" Kunapita kimya cha pumzi mbili, mkono wa kushoto unaanza, na utepe unakwisha.