Sauti Zisizo na Sura: Ziara Yetu Katika Kituo cha Kuongozea Ndege, Toronto

Kwa malezi yetu, mtu haanzi shida yake kabla ya salamu. Utabisha hodi, utauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, hata za mvua, ndipo useme kilichokuleta. Kwenye redio ya ndege mambo ni kinyume kabisa. Rubani ana sekunde chache za kusema mambo manne: anamwita nani, yeye ni nani, yuko wapi na anataka nini. Akiongeza la tano, keshawazibia njia wenzake wanaosubiri zamu kwenye masafa hayo hayo.

Mmoja wa wazee wetu hapa Toronto, ambaye tutamwita Mjomba kwa kuwa ndivyo watoto wetu wote wamwitavyo, alijifunza urubani ukubwani. Alikuwa akienda uwanja wa Buttonville, kule Markham, kila alipopata siku ya mapumziko, mpaka akapata leseni ya rubani wa binafsi. Ndege aliijua. Hesabu za mafuta na upepo alizijua. Lililomshinda ni redio. Ukitoka Buttonville kwenda upande wa Niagara, njia fupi inapita karibu na katikati ya jiji, mnara wa CN wenye mita 553 ukiwa ubavuni, kisha unavuka ziwa Ontario. Lakini anga hiyo ina wenyewe: lazima uombe ruhusa. Mjomba alikuwa akizunguka mbali, akichoma mafuta ya bure, ili tu asilazimike kusema na mtu. Tulipomuuliza sababu, alijibu kwamba hakutaka kuambiwa arudie maneno yake mbele ya marubani wote wa jiji. Nani kati yetu hakuielewa hofu hiyo? Wengi tumewahi kukata simu ya ofisi fulani kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo kikundi cha marubani wenzake kilipopanga kutembelea kituo cha kuongozea ndege, yeye ndiye aliyetushawishi tuandamane naye. Nadhani alitaka mashahidi.

Kituo chenyewe kiko Mississauga, jirani na uwanja wa Pearson. Wengi wetu tulitarajia mnara na vioo. Kumbe mnara ni kazi nyingine: walio mnarani huongoza ndege zinazotua, zinazoruka na zinazotembea uwanjani. Kituo cha eneo hakihitaji dirisha hata moja, kwani ndege zinazoongozwa humo ziko mbali na macho, nyingine mamia ya kilomita. Ndani taa zimefifishwa, watu wamekaa mbele ya vioo vya rada na vifaa vya kusikilizia masikioni, na sauti zao ni za chini, kama watu walio msikitini au kanisani kabla ya ibada kuanza. Hatukusikia hata mmoja akipaza sauti.

Kanada ina vituo saba vya aina hiyo: Vancouver, Edmonton, Winnipeg, Toronto, Montreal, Moncton na Gander. Kila kimoja kimekabidhiwa kipande chake cha anga, na kila kipande kimegawanywa tena kama shamba la urithi, ndugu huyu hapa na yule pale. Ndege inapofika mpakani hukabidhiwa kwa jirani: rubani huambiwa abadili masafa na amwite fulani. Yeyote kati yetu aliyepanda ndege Pearson usiku kwenda Ulaya, ili aunganishe safari ya Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe, amepita katika mikono hiyo. Kwa kawaida utaanza na Toronto, utapita Montreal na Moncton au majirani zao, na Gander atakuvusha bahari mpaka katikati ya Atlantiki, ambako wenzao wa Uskoti wanapokea. Wewe umelala, blanketi limekufika kidevuni, na watu usiowajua wanapokezana jina la ndege yako.

Hayo ni ya ndege kubwa, ambazo huongozwa safari nzima. Mwenye ndege ndogo anayeruka kwa macho yuko tofauti. Nje ya anga zinazohitaji ruhusa anaweza kwenda saa nzima bila kusema na mtu, kifaa chake kikitangaza namba 1200 tu, ambayo kwa Marekani na Kanada maana yake ni kwamba huyu anajiendea zake. Tulionyeshwa nukta za namna hiyo kwenye kioo. Zilikuwa nyingi, na hazina majina. Mwenyeji wetu alitueleza kwamba nukta isiyosema ndiyo inayompa kazi, maana hajui itageuka lini wala wapi, na inambidi aziepushe nazo ndege zote nyingine. Anayesema, hata akisema vibaya, amempunguzia mzigo. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yetu. Hakusema neno, lakini tulimwona akikaribia kioo.

Hapa inafaa turudi nyuma kidogo, kwani kazi hii haikuanza na rada. Mwanzoni rubani alikuwa peke yake na Mungu wake. Tarehe 4 Septemba 1936, Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kuzungumza Kiswahili tangu utotoni, aliruka kutoka Abingdon, Uingereza, akielekea magharibi. (Jina lake na la mji wetu wa Markham yamefanana tu.) Hakuwa na redio. Baada ya saa zaidi ya ishirini, mafuta yakiwa hayafiki kwenye injini, aliiangusha ndege yake kwenye kinamasi huko Cape Breton, Nova Scotia, akatoka akiwa hai: mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi bila kutua. Hivyo rubani aliyefunzwa katika anga za Kenya aliingia Kanada bila kumwambia mtu yeyote hodi. Wakati huo anga ilikuwa tupu kiasi cha kuweza kuvumilia ukimya huo.

Haikukaa tupu. Tarehe 8 Aprili 1954, mchana kweupe, ndege ya abiria aina ya North Star iligongana na ndege ndogo ya mafunzo ya jeshi la anga juu ya mji wa Moose Jaw, mkoa wa Saskatchewan. Wakafa watu 37: 35 waliokuwa katika ndege ya abiria, mwanafunzi wa urubani, na mtu mmoja aliyekuwa chini. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Juni 1956, ndege mbili za abiria zilizoondoka Los Angeles kwa tofauti ya dakika chache ziligongana juu ya Grand Canyon, Marekani, wakafa watu 128. Zilikuwa sehemu ambako hakuna aliyekuwa akizitenganisha. Marubani walitegemewa waonane kwa macho. Ni baada ya msiba huo ndipo Marekani ilipounda mamlaka mpya ya anga mwaka 1958 na kumwaga fedha kwenye rada. Vyumba vyenye giza kama kile tulichokitembelea vimezaliwa na misiba.

Lakini rada huonyesha nukta tu. Kilichobaki chote ni maneno, na maneno yana lugha. Hapo ndipo historia ya Kanada inapotugusa sisi tuliokuja na lugha zetu mifukoni.

Quebec ilikuwa na marubani wa ndege ndogo waliojua Kifaransa pekee, na redio ilitaka Kiingereza. Mwaka 1974 serikali iliruhusu Kifaransa kwa wanaoruka kwa macho katika viwanja vichache vya mkoa huo. Mwaka uliofuata marubani na waongoza ndege wanaosema Kifaransa waliunda chama chao, wakidai haki hiyo ipanuliwe. Upande wa pili ulisema lugha mbili katika anga moja zitaleta ajali. Mwezi Juni 1976, wiki chache kabla ya michezo ya Olimpiki ya Montreal, marubani waligoma kwa siku tisa na safari za nchi nzima zikakwama. Waziri wa uchukuzi, Otto Lang, aliafikiana na wagomaji; Jean Marchand, waziri mwenzake kutoka Quebec, alijiuzulu tarehe 30 Juni kwa kuona watu wake wametupwa. Novemba mwaka huo chama kinachotaka Quebec ijitenge kilishinda uchaguzi wa mkoa, na wapo wanaoona kwamba mgomo ule wa angani ulikisaidia.

Hofu ile haikuwa ya kubuni tu, tuseme kweli. Septemba ya mwaka huo huo ndege mbili ziligongana juu ya Zagreb, Yugoslavia, wakafa watu 176. Mwongoza ndege aliyelemewa na kazi alirudi kwenye lugha yake ya nyumbani dakika ya mwisho, na marubani wa Kiingereza hawakuweza kufahamu alichokuwa akisema. Lakini tume ya majaji watatu iliyoundwa Kanada haikutegemea hofu. Iliendesha majaribio ya kuigiza, ndege za kufikirika na sauti za kweli, lugha mbili pamoja. Taarifa yake ya mwisho ya mwaka 1979 ilisema hakuna ushahidi kwamba Kifaransa kingepunguza usalama, na serikali ikakubali. Tangu hapo anga ya Quebec inasema lugha mbili.

Tulijiuliza njiani: je, Kiswahili? Kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, lenye makao makuu hapo hapo Montreal, zinasema mawasiliano yawe kwa lugha inayotumiwa kawaida na kituo cha ardhini au kwa Kiingereza. Mlango haukufungwa. Nyumbani tulichagua Kiingereza, na tangu wakati wa ukoloni anga ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilisimamiwa na idara moja yenye makao Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliirithi, ikaanzisha na chuo cha marubani Soroti mwaka 1971. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilichukua kipande chake cha anga. Watu wanakumbuka ndege za East African Airways na kusikitika. Ni wachache wanaokumbuka kwamba siku hizo mbingu nayo iligawanywa.

Sisi hatudai Kiswahili kitumike Pearson, wala hatuoni aibu kwamba hakitumiki. Tunachosema ni kwamba mgogoro wa 1976 ulihusu swali ambalo Mjomba alikuwa akilibeba kimya kimya: je, namna yangu ya kusema ni hatari kwa wengine? Majaji walipima wakaona hatari haiko kwenye lugha yenyewe. Na ukimya je, una nafuu gani?

Tarehe 5 Machi 2024, karibu miaka sabini baada ya Moose Jaw, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ndege kubwa ilirudi na kutua salama na watu wake 44. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa katika Cessna walikufa wote wawili. Hatusemi kwamba walinyamaza, wala hatutaki kumlaumu mtu. Tunaitaja kwa sababu habari ilipofika huku, Mjomba alitupigia simu usiku, akataka kuzungumza habari za ile ziara, iliyokuwa imepita zamani.

Ziara zenyewe zimekuwa adimu. Baada ya Septemba 11, 2001, siku ambayo Gander peke yake ilipokea ndege 38 za abiria zenye watu wapatao 6,600, ulinzi wa mahali kama hapa ulikazwa, na hatuwezi kulalamika. Hata hivyo tunaona hasara. Kazi hii ilipohama serikalini mwaka 1996 na kuingia mikononi mwa NAV CANADA, shirika lisilogawa faida, palikuwa na hofu kwamba wenye ndege ndogo watasahauliwa. Buttonville nayo imefungwa, Novemba 2023, na marubani wake wametawanyika Brampton, Oshawa na kwingineko. Watu hawa wanazidi kuwa sauti tupu kwa waongoza ndege, na waongoza ndege sauti tupu kwao.

Siku ile, kabla hatujaondoka, mwongoza ndege mmoja aliyekuwa mapumzikoni alimuuliza Mjomba anatokea wapi. Akaambiwa Tanga. Hakupajua Tanga, lakini yeye mwenyewe lafudhi yake haikuwa ya hapa. Walisimama karibu na mashine ya kahawa wakasalimiana kirefu, habari za nyumbani, za watoto, za kazi, mpaka tukamvuta Mjomba mkono kwa sababu gari lilikuwa likisubiri.

Wiki chache baadaye alituchukua watatu kwenda Niagara. Hakuzunguka. Kabla ya kufika penye anga ya ruhusa alibonyeza kitufe, akataja kituo, ndege yake, mahali alipo na anachotaka. Sauti ya mwanamke ikamjibu papo hapo, ikampa namba nne za kuweka kwenye kifaa chake na ruhusa ya kupita. Jiji likapita ubavuni, kisha maji. Katikati ya ziwa sauti ile ile ikamwambia abadili masafa. Mjomba akarudia maelekezo kama alivyofundishwa, akatulia kidogo, kisha akaongeza la tano: akamtakia siku njema.

"Na wewe pia," ikajibu sauti.