Mbegu Bila Malisho: Somo la Historia kutoka Mpwapwa

Kila mpango wa kuongeza maziwa unapotangazwa, mimi hutafuta kwanza sehemu inayohusu malisho na maji. Mara nyingi hukuta mitamba tu: wangapi watanunuliwa, kutoka wapi, kwa bei gani. Nyuma yake ipo fikra kongwe kwamba maziwa yamo katika damu. Akiletwa ng'ombe mwenye damu hiyo, tatizo limekwisha.

Historia yetu yenyewe inaikanusha fikra hiyo. Huko Mpwapwa, mkoani Dodoma, penye mvua haba na kiangazi kirefu, wataalamu wa mifugo wa enzi za utawala wa Waingereza walikabili swali hilo hilo. Zebu wetu wa pembe fupi alistahimili njaa, kiu na kupe, lakini maziwa yake yalikuwa machache. Ng'ombe wa Ulaya alikuwa na maziwa mengi, lakini hakuihimili nchi ile. Wataalamu hao hawakumchagua mmoja na kumtupa mwingine. Walichanganya damu ya zebu huyo na ya Boran, Sahiwal na Red Sindhi, pamoja na sehemu ndogo ya Ayrshire. Mwaka 1958 akatambuliwa ng'ombe mpya, Mpwapwa, ambaye sehemu kubwa ya damu yake inatokana na ng'ombe wa Bara Hindi waliozoea joto.

Sayansi inaeleza sababu. Vinasaba huweka upeo wa maziwa. Mazingira huamua kama upeo huo utafikiwa. Friesian anayetoa maziwa mengi hula sana, na mwili wake huzalisha joto jingi. Hewa inapokuwa ya moto hushindwa kulitoa joto hilo, hupunguza kula, na maziwa hushuka. Kipawa chake ndicho kinachomtesa. Hapo hatujataja ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaomwangusha mgeni upesi kuliko zebu aliyezaliwa palipo na kupe hao.

Mwaka 1987 Cunningham na Syrstad, katika kazi iliyochapishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, walionyesha kwamba katika nchi za joto maziwa huongezeka hadi damu ya kigeni inapofikia takriban nusu. Zaidi ya hapo, faida hukoma au hupungua.

Sisemi kwamba ng'ombe wa Ulaya hafai popote. Katika miteremko ya Kilimanjaro, penye ubaridi na majani ya kukatiwa bandani, chotara wake amelisha na kusomesha familia nyingi. Mbegu ile ile, ikipelekwa uwanda mkavu bila josho wala malisho ya akiba, huzaa hasara.

Kwa hiyo ninawaomba watumishi wa umma wanaoandika mipango hii wasihesabu vichwa vilivyogawiwa. Wahesabu ng'ombe waliovuka kiangazi cha pili wakiwa bado wanakamuliwa. Mtamba wa mkopo akifa, deni halifi naye. Hubaki kwa mjane au kijana aliyeambiwa kwamba damu pekee inatosha.