Malemo Canaqua: Si jina, ni cheo cha mwanahisabati

Ukimuuliza mwanafunzi hapa Muyeye ni nani aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India, huenda akakujibu pasi na kusita: Ahmad ibn Majid. Jibu hilo limekaririwa vitabuni na madarasani miaka nenda miaka rudi. Lakini ushahidi wake ni haba, nayo lugha, ambayo ndiyo shughuli yetu katika safu hii, inatuelekeza kwa mtu mwingine.

Tuanze na yasiyo na utata. Da Gama alitia nanga Malindi katikati ya Aprili 1498, akazikuta hapo merikebu za Wahindi. Alitaka rubani. Mfalme wa Malindi alipokawia kumpa, da Gama alimzuilia merikebuni mtu wa karibu wa mfalme huyo. Rubani akaletwa upesi. Kwa hivyo hadithi ya zawadi iliyotolewa kwa moyo mkunjufu tu ina walakini wake. Aprili 24 waking'oa nanga na kusi ndiyo inaanza kushika. Mei 18 wakaiona nchi kavu ya India, na Mei 20 wakafika karibu na Calicut.

Linganisha na safari ya kurudi. Waliondoka pwani ya India mapema Oktoba bila kungoja kaskazi ishike, wakataabika baharini kwa takriban miezi mitatu, na mabaharia wapatao 30 wakafa. Bahari ni ile ile. Kilichotofautisha safari hizo mbili ni majira na ujuzi wa kuyahesabu.

Sasa huyu Ibn Majid aliingiaje? Alikuwa mtu halisi na bingwa hasa. Alizaliwa Julfar, katika eneo la Ras al-Khaimah ya leo, na karibu mwaka wa 1490 aliandika Kitab al-Fawa'id, kitabu kikuu cha elimu ya bahari. Lakini aliyemtaja kuwa ndiye aliyewaonyesha Wareno njia ni Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanahistoria wa Makka aliyeandika miongo mingi baadaye, tena akidai kwamba alifanya hivyo akiwa amelewa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mfaransa Gabriel Ferrand aliikuza dai hilo, na vitabu vya shule vikalifuata. G. R. Tibbetts, aliyetafsiri kazi za Ibn Majid kwa Kiingereza mwaka wa 1971, alilitilia shaka. Naye mtawala wa Sharjah, Sultan al-Qasimi, ameandika kitabu kizima kumwondolea lawama.

Wareno wenyewe wanasemaje? Shajara ya safari inamwita rubani huyo Mkristo, na tunajua kwamba siku zile Wareno walidhani Wahindu ni Wakristo. João de Barros, aliyechapisha mwaka wa 1552, anasema alikuwa Mwislamu wa Gujarat aitwaye Malemo Cana. Damião de Góis anamwita Malemo Canaqua. Dini yake inazozaniwa, lakini hapa hamna Ibn Majid.

Hebu tusome jina hilo kwa sikio la Mswahili. "Malemo" si jina la mtu. Ni "muallim" ya Kiarabu, neno lililotuzalia maalim na mwalimu. Baharini lilimaanisha mjuzi wa njia. Mabaharia wa Gujarat na Kutch nao husema "malam". "Canaqua" ni "ganaka" ya Kisanskriti, yaani mwenye kuhesabu, mnajimu. Weka pamoja: Mwalimu wa Hesabu. Mreno aliuliza jina, akaambiwa cheo, akaandika alivyosikia.

Na cheo hicho kilimstahili. Barros anasimulia kwamba da Gama alimwonyesha astrolabu kubwa ya mbao na nyingine za madini. Hakushangaa. Naye akamtolea da Gama ramani ya pwani ya India iliyogawanywa miraba midogo midogo, akamweleza kuwa wenzake hutumia kifaa cha vibao vitatu. Kifaa cha jamii hiyo ndicho kamal: kibao chenye uzi wa mafundo. Unauma uzi kwa meno, unalinganisha ukingo wa chini wa kibao na upeo wa bahari, na ule wa juu na nyota. Fundo linakuambia uko latitudo gani.

Hesabu yenyewe si ya kubahatisha. Mabaharia wa bahari hii waligawa duara katika sehemu 32, kila sehemu ikiwa na isba 7, yaani vidole 7. Jumla ni isba 224, kwa hivyo isba moja ni kama digrii 1.6. Malindi iko digrii 3 hivi kusini mwa ikweta, Calicut digrii 11 kaskazini. Tofauti ni digrii 14 na ushei, karibu isba 9. Ukielekea kaskazini moja kwa moja, isba moja ilihesabiwa kuwa safari ya zam 8, na zam ni saa 3: basi ni siku moja nzima. Ukienda mshazari, kama walivyokwenda, itabidi ukokotoe upya. Tena Malindi Nyota ya Kaskazini haionekani, hivyo rubani lazima ajue nyota nyingine za kumtosha mpaka avuke ikweta. Shajara inasema waliiona tena Jumapili iliyofuata baada ya kuondoka.

Walimu wenzangu, mtu huyu tumwasilisheje darasani? Tusimpachike jina la mwingine kwa kuwa tu jina hilo ni maarufu. Tuseme alikuwa mjuzi wa Gujarat aliyekuwapo Malindi, tutaje cheo chake, kisha tuwape wanafunzi kibao, uzi na hesabu ya isba waifanye wenyewe. Somo la historia na la hisabati yatakutana hapo, na Kiswahili ndicho kitakachoyakutanisha.

Nguzo iliyo ufukweni Malindi inaitwa kwa jina la da Gama, mtu aliyeomba njia. Aliyeijua njia kabakia na cheo kilichoandikwa kwa tahajia mbovu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: tuanze kwa kukisoma cheo hicho sawasawa.