Uzito wa Besi

Kwa miaka 11 nilimiliki boksi la spika ambalo fundi mmoja wa Gikomba alinitengenezea kwa plaiwudi nene. Ndani lilikuwa na spika mbili za inchi 15. Siku moja muuza vyuma vikuukuu alinipimia kwenye mizani yake: kilo 58. Amplifaya yake ilikuwa kilo nyingine 21. Mwanzoni nilikuwa nalipakia kwenye matatu, na kila makanga aliyeniona stejini alipiga kelele ileile: "Mzee, hiyo friji inalipa viti viwili!"

Baadaye hata kwa viti viwili walinikataa. Nikaanza kukodi pikap. Sasa piga hesabu: shoo ya klabu ghorofa ya pili, River Road, ililipa shilingi 3,000. Pikap kwenda na kurudi, 1,500. Kijana wa kunisaidia kubeba kwenye ngazi, 300. Nilirudi nyumbani alfajiri na 1,200, na siku mbili zilizofuata nilikuwa natembea nimeinama kama mtu aliyeangusha funguo. Mwaka jana mgongo ulikataa kabisa. Daktari akaniambia nichague kati ya boksi na uti wa mgongo.

Kabla ya kuliuza nilitaka kujua jambo moja: ni nani aliyeamua kwamba besi iwe mzigo?

Jibu linaanza na kitu kilichokusudiwa kupunguza mzigo. Zamani wapiga besi walibeba ile besi kubwa ya kusimama, ya mbao, ndefu kuliko mwenyewe. Mwaka 1951 Leo Fender wa California alileta Precision Bass, gitaa la besi linaloning'inia begani. Hakuwa wa kwanza kulijaribu wazo hilo, lakini lake ndilo lililoshika soko. Tatizo ni kwamba tumbo la ile besi ya zamani ndilo lililokuwa likitoa sauti. Gitaa jipya halikuwa na tumbo. Bila umeme lilinong'ona tu. Kwa hiyo mwaka 1952 Fender akatoa Bassman, amplifaya ya kazi hiyo. Uzito ulitoka kwenye ala ukahamia kwenye boksi.

Waliofuata waliliona hilo. Mwaka 1960 kampuni ya Ampeg ilitoa B-15, iliyobuniwa na Jess Oliver. Amplifaya yake ilifungwa kwenye kifuniko cha boksi. Ukimaliza shoo unakipindua, amplifaya inaingia ndani, unaondoka na kitu kimoja. Ilikuwa na spika moja tu ya inchi 15 na wati 25. James Jamerson, ambaye besi yake imo katika nyimbo nyingi za Motown, aliitumia kwenye klabu za Detroit. Wati 25! Nilipofahamu hivyo nililitazama boksi langu kwa hasira kidogo.

Mambo yaligeuka mwaka 1969. Muziki wa roki ulikuwa umehamia kwenye kumbi kubwa, na mitambo ya ukumbi wakati huo haikuweza kuubeba mlio wa besi. Mpiga besi alilazimika kuujaza ukumbi kwa boksi lake mwenyewe. Ampeg wakatoa SVT: wati 300, valvu 14, na amplifaya peke yake ilikuna kilo 39 hivi. Rolling Stones walizunguka nayo Marekani mwaka huohuo. Boksi lake la spika nane za inchi 10 bado linatengenezwa, na lina uzito wa kilo 63 hivi. Wapiga besi wa huko wanaliitaje? Friji. Makanga wetu hawakukosea.

Lakini Rolling Stones walikuwa na malori na watu wa kubeba. Mimi niliiga boksi bila kuiga lori.

Sitaki kusema kwamba nilikuwa mjinga tu. Katika muziki wetu besi haiwezi kujificha nyuma. Sikiliza "Sina Makosa" ya Les Wanyika, jinsi besi ya Tom Malanga inavyotembea kwa noti chache na kumwachia mchezaji nafasi ya kuweka mguu. Benga nayo ni hivyohivyo: besi inajibizana na gitaa la solo. Watu wa meza za nyuma wasipoisikia kifuani, hawainuki. Kwa hiyo hofu yangu ilikuwa ya kweli. Nikipunguza boksi, je, nitabaki mpiga besi?

Fizikia haikunifariji. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita nane. Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH ya Marekani, aliieleza kanuni ambayo mafundi bado wanaiita kwa jina lake. Unataka vitu vitatu: mlio wa chini kabisa, sauti kubwa kwa umeme kidogo, na boksi dogo. Chagua viwili; cha tatu kiache. Ukipunguza boksi kwa nusu na bado unataka mlio uleule wa chini, jiandae kutumia wati maradufu.

Kilichotuokoa ni kwamba wati ziliacha kuwa nzito. Miaka ya 1980 zilipatikana sumaku za neodimiamu, ambazo kipande kidogo kinafanya kazi ya donge zima la sumaku ya kawaida. Kisha zikaja amplifaya zinazowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde badala ya kuupoteza kama joto. Leo wati 500 zinaingia kwenye mfuko wa kitabu, chini ya kilo tatu. Si bure, lakini. Madini ya sumaku hizo hutoka zaidi China, na ilipobana mauzo ya nje karibu na mwaka 2011, bei zilipaa. Uzito ulikuwa umetoka mgongoni ukaingia mfukoni.

Nilinunua boksi la mtumba lenye spika moja ya inchi 12, kilo 14, na amplifaya ya kilo mbili na nusu. Nikapanda boda, boksi mbele ya dereva, gitaa mgongoni. Usiku wa kwanza ulikuwa aibu. Nilizungusha kitufe cha besi mpaka mwisho, kama zamani, na spika ikaanza kutapatapa. Fundi wa sauti, dada mmoja mtulivu, akanijia. "Punguza besi, kaka. Ongeza ya kati. Hii ya chini niachie mimi na spika za ukumbi." Akaliinua boksi juu ya kreti mbili za soda ili linielekee masikioni.

Alikuwa sahihi. Sikio la binadamu lina tabia ya kukisia mlio wa chini kutokana na milio ya juu yake, hata ule wa chini ukiwa hafifu. Nilijisikia vizuri kuliko miaka yote 11. Meza za nyuma ziliinuka, ingawa si kwa haraka kama zamani. Ile pumzi iliyokuwa ikitikisa suruali yangu kwa nyuma imepotea, na ninaikumbuka.

Boda kwenda na kurudi ilikuwa 400. Zilibaki 2,600.

Nilipokuwa natoka, yule kijana wa ngazini alikuwa mlangoni amesimama. Aliliangalia boksi mkononi mwangu, akacheka, akasema, "Sasa mzee, umenifuta kazi." Nikampa mia moja, akapokea. Wiki iliyofuata hakuwepo.

Boksi la zamani nililiuzia kanisa moja la mtaani. Limewekwa pembeni ya madhabahu na halihami. Mpiga besi wao ana miaka 19, na anasema linanguruma vizuri sana.