Mkono Mzoefu na Mashine Mpya: Zana za Kuandikia Kisomali na Kiswahili

Rhamu ni mji mdogo ulio kando ya mto Daua, magharibi ya Mandera, mahali Kenya inapopakana na Ethiopia. Huko, kama kwingineko Kaskazini Mashariki, mtoto huanza kuandika chuoni. Hupewa ubao uitwao loox, huchovya kalamu katika wino wa makaa, na kuandika aya kutoka kulia kwenda kushoto. Somo likishahifadhiwa, ubao huoshwa na kuandikwa tena. Mapokeo ya Wasomali yasema kwamba Sheikh Yusuf al-Kawneyn ndiye aliyezipa irabu za Kiarabu majina ya Kisomali, ili mwanafunzi azitambue kwa lugha ya mamake. Herufi hazikuguswa, kilichorahisishwa ni njia ya kuzifundisha.

Kila zana ya kuandikia inapofanywa mpya, huzuka swali moja: ni nani atakayejifunza upya, mwandishi au zana? Historia ya Kisomali na ya Kiswahili imelijibu swali hili kwa njia mbili tofauti.

Kwa muda mrefu wanavyuoni wa Kisomali waliiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu. Mnamo miaka ya 1920 Osman Yusuf Kenadid alibuni hati mpya kabisa, iliyokuja kuitwa Osmania, ambayo huandikwa kutoka kushoto kwenda kulia. Baada ya uhuru wa Somalia mwaka 1960, serikali ilimkabidhi Musa Haji Ismail Galaal na wenzake kazi ya kuchunguza hati zilizopendekezwa. Mwaka 1966 ujumbe wa UNESCO, akiwamo B. W. Andrzejewski, uliunga mkono herufi za Kilatini. Wapinzani walijibu kwa mchezo wa maneno: Laatiin waa laa diin, yaani Kilatini ni kutokuwa na dini.

Hati iliyotangazwa tarehe 21 Oktoba 1972 ilifuata kwa sehemu kubwa mpango wa Shire Jama Ahmed. Sifa yake kubwa ilikuwa ya kimashine. Haikuhitaji nukta wala alama ya ziada juu au chini ya herufi, kwa hiyo taipureta yoyote ya Kizungu iliweza kuiandika. Herufi c ilipewa sauti ya ‘ain, na x sauti ya ha ya kooni, kwa kuwa vibonye hivyo vilikuwapo na havikuwa na kazi nyingine katika Kisomali. Irabu ndefu ziliandikwa mara mbili. Mwaka 1973 Kisomali kikawa lugha ya ofisi za serikali, na mwaka 1974 wanafunzi na walimu wakapelekwa mashambani na kwa wafugaji kufundisha kusoma. Mafanikio hayo hayakanushiki. Hata hivyo, gharama yake ilimwangukia mkongwe aliyeijua kalamu ya chuoni: taipureta ilibaki kama ilivyo, na yeye akaanza upya.

Rhamu haikuwa ndani ya kampeni hiyo, kwani ilikuwa ya Jamhuri ya Somalia. Upande wa Kenya, shule zilifundisha kwa Kiingereza na Kiswahili. Matokeo yake yanaonekana katika majina. Mtu aandikwaye Hassan, Mohamed au Ali katika kitambulisho cha Kenya, kwa tahajia ya 1972 ni Xasan, Maxamed na Cali. Mandera ni Mandheera, na Wajir ni Wajeer. Hata neno loox, lenye asili ya Kiarabu, huishia kwa x ambayo mtoto anayeushika ubao huo hakuisoma chuoni wala hakuizoea katika Kiswahili cha shuleni.

Pwani ilifuata njia nyingine. Hati ya Kiarabu haikuwa na herufi za p, v, ch na g, wala haikutenganisha e na i, au o na u. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliishughulikia kasoro hiyo kwa kuongeza alama juu ya herufi zilizozoeleka. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar, akishirikiana na P. J. L. Frankl, alichapisha mapendekezo kamili zaidi ya tahajia hiyo. Katika miaka ya 2010 Kevin Donnelly alitengeneza programu iitwayo Andika!, inayomwezesha mtumiaji kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu katika kompyuta na kukigeuza kuwa cha Kilatini. Hapa kazi ya kujifunza ilipewa mashine.

Osmania nayo iliingizwa katika Unicode mwaka 2003, miaka 31 baada ya kuwekwa kando. Hoja ya kwamba haina mashine ilikwisha nguvu, lakini kizazi kilichoizoea kilikuwa kimepungua.

Waliochagua mwaka 1972 hawastahili lawama kwa uhaba wa vyombo vya wakati wao. Waundaji wa leo hawana udhuru huo. Simu moja hubeba hati ya Kilatini na ya Kiarabu pamoja. Kwa hiyo anayetengeneza programu ya kuandikia kwa ajili ya watu wa Rhamu au Lamu aanze kwa kutazama jinsi mkono wa mzee unavyoandika, kisha ndipo apange vibonye.