Kamusi za Python: jinsi kumbukumbu ilivyookolewa

Ukiandika programu lazima utafika pa kuoanisha vitu: jina na nambari ya simu, bidhaa na bei yake. Katika lugha ya Python kifaa cha kazi hiyo huitwa kamusi, na hula kumbukumbu kuliko wengi wanavyodhani. Mwenye kompyuta ya mtumba huliona hilo mapema.

Chukua mfano wa ghala lenye vyumba vinane. Kompyuta huupigia ufunguo hesabu iitwayo heshi, na jibu husema mzigo uingie chumba gani. Ili mizigo isigombanie vyumba, Python huacha kama thuluthi moja tupu. Vyumba vinane hupokea mizigo mitano tu, lakini kodi ililipwa ya vyote.

Kodi hiyo ilipanda mashine zilipohama kutoka biti 32 hadi 64. Kila chumba kiliweka vitu vitatu: heshi, anwani ya ufunguo na anwani ya thamani. Kila kimoja kilikuwa baiti 4, kikawa 8. Chumba cha baiti 12 kikawa cha 24, na ghala zima baiti 192.

Mwaka 2012 Raymond Hettinger, mmoja wa watengenezaji wa Python, alipendekeza dawa. Mizigo ipangwe mfululizo kwa zamu ya kuwasili, na mlangoni kuwe na kibao cha nafasi nane kinachoonyesha kila mzigo uliko. Nafasi ya kibao ni baiti 1. Katika kamusi kubwa huwa 2 au 4. Hesabu ikawa baiti 8 za kibao na 120 za mizigo mitano, jumla 128.

Python 3.6 iliyotoka Disemba 2016 ilitumia mpango huo, na nyaraka zake zinataja upungufu wa asilimia 20 hadi 25 ukilinganisha na 3.5. Faida ya pili ni kwamba kamusi hukumbuka nani aliingia kwanza, tangu 3.7 hiyo ni kanuni ya lugha.

Tahadhari moja: kufuta vitu hakupunguzi ghala. Ukishafuta vingi, hamishia vilivyobaki kwenye kamusi mpya, ya zamani uiache. Haba na haba hujaza kibaba, na baiti ni vivyo hivyo.